Mama Futi na Suruali za Shemeji

Mama Futi hana futi. Tuanze na hilo, maana wageni wote hukosea hapo hapo. Wanaingia stoo ya nguo, wanasikia jina, wanamtafuta mtu mwenye kamba ya fundi shingoni, hawaioni. Kamba ni yeye mwenyewe. Unavuka kizingiti, hujasema hata habari, ameshakutazama mara moja kuanzia mabegani mpaka visiginoni, na mkono wake uko kwenye rafu yako. Viatu ndiyo balaa. Anaangalia unavyosimama tu, anakupa jozi, anakuambia chukua hivi vya kamba, vitakukaa. Ukitaka kubisha, bisha. Watu wamebisha, wakatoka na viatu hivyo hivyo na aibu juu.

Nyumba yenyewe zamani ilikuwa kiwanda cha sabuni, na mvua ikinyesha kuta bado zinanukia kama nguo zimeanikwa. Siku hizi ni ya shirika dogo la watu wa mtaa, lisilo na gari la kifahari wala bango la maana. Wenyewe wanapaita Milango Mitatu. Mlango wa kwanza chakula, wa pili nguo, wa tatu vyumba. Huko nyuma viko kumi na vinne, vya watu waliokosa pa kuegesha ubavu. Mtu wa mtaa ule hasemi nimeenda kuomba. Anasema nimepita mlango wa pili, kama anayesema nimepita dukani mara moja nakuja. Ndiyo heshima ya pale, na inalindwa kama yai.

Mwanzoni futi ilikuwepo, tena ya njano. Mama Futi alikuwa ametoka kwenye kiwanda cha sare za shule kilichofungwa, miaka ishirini na miwili kwenye cherehani, na kwake kupima mtu ilikuwa kama kupiga chafya. Siku moja alimpima mama mmoja mbele ya foleni. Mchekeshaji mmoja (hakosekani foleni yoyote duniani) akaipaza ile namba ya nyonga zake kama dalali mnadani. Foleni ikaangua kicheko. Yule mama naye akacheka kidogo, akachukua gauni lake, akashukuru, na hakurudi tena. Hata mlango wa kwanza hakurudi, na alikuwa na watoto watatu waliokuwa wanakula pale.

Mama Futi alikunja ile futi akaitupa. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya mlango wa pili: mtu haulizwi saizi, hapimwi, na haambiwi. Akachukua na wembe, akaanza kukata vile vitambaa vya saizi kwenye kola za nguo zote zinazoletwa. Aliwafundisha wenzake kwamba mwili wa mtu ni siri yake, na aliyenenepa au aliyekonda hahitaji kijikaratasi cha kumkumbusha. Miaka kumi na tisa sheria ile haikumdhuru mtu yeyote.

Sasa, shemeji.

Shemeji alikuwa mume wa dada yake mkubwa, na alikuwa mwanaume wa kujaza mlango. Dada alipofariki, ugonjwa ukawa umekula kila kitu hadi kodi ya nyumba, na bwana mkubwa akawa analala kwenye karakana ya rafiki yake, juu ya matairi. Mama Futi ndiye aliyemshika mkono akampitisha mlango wa tatu. Akapewa chumba namba saba, kitanda, meza na dirisha linalotazama jikoni. Wiki ya pili akachoka kutazama. Akaingia mle jikoni, akaonja maharage, akauliza kwa upole ni nani aliyewakosea wale watu kiasi hicho. Ndiyo akawa mpishi, miaka minane sasa.

Wale wawili, utani wao ulikuwa ni redio ya nyumba nzima. Angekuwepo mtu wa kuwarekodi na kuwarusha mtandaoni, wangekuwa na wafuasi kuliko wabunge. Mama Futi alisema shemeji akiingia kwenye picha ya pamoja, watatu lazima watoke. Shemeji alimjibu kwamba tumbo lile ni cheti chake cha kazi, mpishi mwembamba haaminiki, ni kama kinyozi anayevaa kofia. Mama Futi akasema cheti chenyewe kimepita mpaka wa karatasi. Watu kwenye foleni wanacheka, sahani zinajaa, siku inakwenda.

Jumamosi ilikuwa siku ya sare za jikoni. Suruali nyeupe na aproni zinafuliwa, zinaletwa kwa Mama Futi, yeye anapiga pasi na kushona palipofumuka. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, shemeji amepita dirishani amebeba sufuria, na Mama Futi jicho likafanya kazi yake bila kuombwa. Kiuno, inchi arobaini. Mtu wa arobaini na mbili, miaka minane, leo arobaini.

Akaacha pasi juu ya aproni mpaka ikaungua.

Dada yake alianza vile vile. Kwanza kiuno, halafu mabega, halafu pete ikawa inadondoka kwenye karai la vyombo. Wakati ule Mama Futi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, alisema mapema, alisema kwa sauti, na kusema kote kule hakukumzuia dada kwenda. Kwa hiyo safari hii ulimi ukagoma. Alijiambia atasema Jumatatu. Halafu akajiambia, hapa mtu haambiwi. Si ndiyo sheria? Sheria aliitunga mwenyewe, na ilikuwa imelala pale mkononi, tayari, kama kisingizio kilichopigwa pasi.

Akavuta suruali tatu za shemeji, akafumua mshono wa nyuma, akazibana inchi mbili. Kazi safi, ya mtu wa kiwanda. Usingeona uzi mpya hata kwa miwani.

Jumatatu shemeji alivaa, zikamkaa. Mwezi wa nne akafika thelathini na nane, Mama Futi akabana tena. Aliomba na zile za kutokea, akidai zinahitaji pasi ya maana si hiyo ya chumbani kwake ya kutia huruma. Mkanda ndio uliokuwa mtihani, kwa sababu mkanda una matundu na matundu hayadanganyi. Akaling'oa bizimu, kile chuma cha kufungia, akakata kipande cha mkanda, akalirudisha mahali pake. Shemeji akawa anafunga tundu lile lile alilofunga miaka yote, lile lililopanuka kama jicho la sindano ya magunia.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana watu si vipofu. Wale akina mama wanaomenya viazi walikuwa wanaona. Mmoja akamwambia waziwazi, mzee mbona unapukutika. Shemeji alikuwa ameshaanza kuhisi mwenyewe, anachoka akipanda ngazi mbili, chakula hakishuki, tumbo linamkaba usiku. Lakini kila akiambiwa, anaingiza kidole gumba kwenye kiuno cha suruali, anaivuta, haivutiki. Anasema tazameni basi, suruali ya miaka minane, tundu la mkanda ni lile lile, mnachokiona ni uzee, hata nyinyi unawajia. Wanacheka, wananyamaza. Nani atabishana na suruali?

Alipojitazama kwenye kile kioo chake cha kunyolea, uso ulimwambia jambo. Akaangalia kiuno, kiuno kikamwambia jambo jingine. Akaamini kiuno.

Alikuwa na binti mmoja, mwalimu, kazi ilimpeleka mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Alikuwa anapiga simu ya picha kila Ijumaa. Mwezi wa tano alimpigia Mama Futi pembeni, bila baba yake kujua. Alisema ameona mashavu ya baba kwenye simu hayamridhishi, lakini simu yake yenyewe kioo kimepasuka, hajui aamini nini. Alikuwa na mitihani ya wanafunzi wiki ile. Akasema, mama mdogo, wewe ndiye mwenye macho, niambie nije au nisije.

Mama Futi alikuwa amekaa juu ya marobota ya nguo za watoto. Suruali ya shemeji ilikuwa magotini pake, sindano imechomekwa.

"Suruali zake ni zile zile," alisema.

Neno lenyewe halikuwa uongo, ukilichunguza. Binti akashusha pumzi mpaka ikasikika, akasema asante mama mdogo, umenitua mlima kichwani, nitakuja likizo. Kwenye grupu la familia akatuma ile stika ya paka anayelala chali. Mama Futi alimtazama yule paka muda mrefu, halafu akamalizia kubana.

Thelathini na sita, mwezi wa sita.

Mwezi wa saba shemeji alianguka jikoni, saa tano asubuhi, mwiko mkononi. Hakuanguka kwa kishindo, na hicho ndicho kilichowatisha watu. Mwanaume wa kujaza mlango alishuka chini kama shuka iliyokatika kamba. Waliomnyanyua walikuwa akina mama wawili tu wa viazi, na hawakuhitaji wa tatu.

Hospitali wakampima, wakampiga picha za ndani, wakamlaza. Siku ya pili binti alikuwa ameshafika, bado ana vumbi la basi kwenye viatu. Daktari alikuwa dada mdogo mdogo, mpole, mwenye kalamu iliyokwisha wino, anaikwaruza kwenye faili. Alisema kuna uvimbe tumboni, anataka kujua umekwenda kwa kasi gani. Akauliza mzee ameanza kupungua mwili tangu lini.

Shemeji akamwambia hajapungua. Labda siku hizi mbili, kwa hiki chakula chenu daktari, na mimi nasema kama mtaalamu. Akaonyesha suruali yake iliyokunjwa juu ya kabati la kitandani, akasema ile ameivaa mpaka juzi, inamkaa kama siku aliyopewa. Binti akaunga mkono. Alimwambia daktari kwamba hata yeye aliingiwa na wasiwasi mwezi wa tano, akamuuliza mama mdogo, akaambiwa suruali ni zile zile.

Wote watatu wakamgeukia Mama Futi, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda. Pale ndipo palikuwa pa kusema au kunyamaza moja kwa moja. Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Uzi wenyewe hauonekani. Lakini daktari alikuwa ameinua kalamu anasubiri, na dawa ya shemeji ingetoka kwenye jibu lile.

"Mwezi wa pili alikuwa arobaini," alisema. "Wa nne, thelathini na nane. Wa sita, thelathini na sita. Leo ni thelathini na tatu. Suruali nilikuwa nazibana mimi, daktari. Na mkanda niliukata mimi."

Daktari aliandika, kalamu ikagoma, binti akampa yake. Shemeji alimwangalia shemeji yake kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Mimi nimebishana na watu miezi mitano," alisema, "kwa suruali hizo."

Akageukia ukutani.

Daktari alipotoka na binti kwenye korido, maneno yalikuwa machache. Angeletwa mwanzoni, wangepasua, na wapo wanaopona. Sasa hivi watamtuliza maumivu.

Siku tatu shemeji hakumsemesha. Mama Futi alikuwa anakwenda kila asubuhi na chupa ya uji, anakaa kwenye stuli, anakunja na kukunjua mtandio. Shemeji alizungumza na mgonjwa wa kitanda cha pili, alizungumza na mfagiaji, siku moja alizungumza hata na nzi. Uji alikunywa, lakini alisubiri mpaka aliyeuleta atoke. Mama Futi naye hakujitetea. Angesema nini? Kwamba aliogopa? Kwamba alipoona arobaini alimwona dada? Vyote vilikuwa kweli na havikuwa na kazi.

Siku ya nne, amefungua chupa, akasikia sauti kutoka ukutani.

"Leo nina ngapi?"

Akajaribu kusema shemeji tuachane na hayo, kunywa uji kwanza. Shemeji akajigeuza, taratibu, kazi ya dakika nzima, akamtazama usoni.

"Usinibane tena. Nina ngapi?"

"Thelathini na moja."

Shemeji akatikisa kichwa, akafikiri. Akasema basi hiyo ndiyo saizi aliyooa nayo. Siku ile dada yako aliwaambia mashoga zake kwamba wenzake wanaolewa na wanaume, yeye kaolewa na ufagio. Mama Futi akacheka, kicheko kikageuka katikati ya njia kikawa kitu kingine, na shemeji akamwacha amalize. Hakumwambia yameisha. Alimwambia tu kwamba uji hauna chumvi, na mtu aliyeishi karibu na mpishi miaka minane anapaswa kuona haya.

Ikawa ndiyo salamu yao. Kila asubuhi leo ngapi, na kila asubuhi anaambiwa. Thelathini. Thelathini. Ishirini na tisa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alidhani wanacheza bahati nasibu, akaomba naye atajiwe namba. Kuna siku Mama Futi alijaribu kumwongezea moja, kwa huruma tu, na shemeji akamtazama mpaka akairudisha.

Mwezi wa nane, Jumatano moja, alimkuta amelala macho wazi, hakuuliza. Mama Futi alikaa kwenye stuli akasubiri aulizwe. Alisubiri mpaka muuguzi alipokuja kuvuta pazia.

Baada ya mazishi walibaki wawili chumba namba saba, yeye na binti, kufungasha. Vitu vyenyewe havikujaza hata mfuko mmoja wa maana. Nje, jikoni, akina mama wa viazi walikuwa wanapika kwa mara ya kwanza bila kelele ya mtu, na harufu ya maharage ilisema wazi kwamba mpishi hayupo. Binti alikuwa anakunja shati. Hakunyanyua macho. Aliuliza, mama mdogo, mwezi wa tano, siku niliyokupigia, ulikuwa unajua?

Mama Futi akasema alikuwa anajua.

"Ningekuja," binti alisema. "Mitihani ningemwachia mtu. Ningekuja siku ile ile."

Akamaliza kukunja, akachukua shati jingine. Basi lake lilikuwa saa nane, na Mama Futi alimsindikiza mpaka stendi, hatua kwa hatua, wamebeba mfuko kila mmoja sikio lake. Binti alipokaa dirishani alimwambia mama mdogo rudi, jua kali.

Mama Futi bado yuko mlango wa pili. Wembe bado anautumia, rafu bado anazijua kwa kiganja. Ila akiona mtu amepungua kwa namna anayoifahamu, hangojei Jumatatu. Anazunguka meza, anamshika mkono, anamvuta kwenye kona ya makoti na kumwambia sikioni. Si wote wanaoipenda. Mzee mmoja alikwenda hospitali na sasa anapumua vizuri. Dada mwingine alisema kwani nimekuja kutafuta koti au laana, akatoka, hajaonekana tena mlango wowote, na huyo ndiye Mama Futi anayemfikiria zaidi.

Na Ijumaa jioni simu inaita. Wiki sita za kwanza haikuita kabisa, halafu ikaita. Binti hana maneno mengi siku hizi, stika za paka zimekwisha. Anauliza umekula, anaambiwa nimekula. Anauliza unaendeleaje, anaambiwa salama. Halafu anamwambia aegeshe simu kwenye marobota, asogee nyuma.

"Nyuma zaidi, mama mdogo. Nataka kukuona wote. Haya, geuka."

Mama Futi anageuka, polepole, mikono pembeni, katikati ya nguo za watu. Huko upande wa pili binti ameisogeza simu karibu na macho, kioo chake bado kimepasuka, anatazama.